Utando wa Sululu

Kitu cha kwanza kutolewa ndani ya gari kilikuwa jeki. Kisha mjomba Mbonea akang'oa mazulia ya miguuni, akatoa tochi, chupa ya maji, na Biblia ndogo iliyokuwa kwenye droo ya dashibodi tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Vyote akavitupa kwenye karai.

"Hata Biblia, mjomba?" Nakijwa akauliza.

"Gari likibiringika, Biblia inavunja meno sawasawa na tofali. Neno la Mungu litakaa humu kwenye karai. Ukirudi salama utalisoma."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, gerejini, Same mjini. Jioni ile Chuo cha Usukani kilikuwa kinafungua geti kule chini, mbugani, mbele ya Ndungu. Chuo kilipokea watu mara moja kwa mwaka, na aliyeanguka wikiendi ya kwanza hakupewa nafasi ya pili. Nakijwa alikuwa amepita thelathini na hajawahi kujifunza kuendesha gari. Hakuwa peke yake. Watu wa umri wake walizaliwa wakakuta barabara imekabidhiwa kwa mashine, malori mabubu yakipita usiku na mchana bila dereva, na usukani ukawa kitu cha kutundikwa ukutani baa.

Lakini malori mabubu yalikuwa na ugonjwa wao. Majambazi walitengeneza chombo cha kupiga kelele ambazo sikio la mtu halizisikii, na lori likizisikia linapoteza akili, linasimama kama ng'ombe aliyepigwa shoka. Ndiyo maana sasa walitafutwa wasindikizaji, watu wa kuendesha gari za zamani, za chuma na klachi, gari zisizo na akili ya kupotezwa. Msindikizaji aliyepita chuoni alilipwa vizuri, ila Nakijwa hakuifuata pesa. Alikuwa na kaka yake, Kiondo, aliyekuwa anapanda lori la dawa ili kulichunga. Kiondo aliuawa Hedaru, mchana.

"Ingia," mjomba alisema, akalala chini ya gari. "Kanyaga breki. Shikilia. Usiachie mpaka niseme."

Nakijwa akakanyaga. Chini kule mjomba akafungua nati, na mafuta ya zamani ya breki yakatoka meusi kama kahawa.

"Achia. Kanyaga tena. Mafuta haya yakiwa na maji, ukifika kona ya tatu yanachemka, pedali inazama mpaka sakafuni, na wewe unakwenda kumsalimia Kiondo."

"Maneno gani hayo, mjomba."

"Maneno ya breki. Kanyaga."

Walifanya hivyo magurudumu yote manne. Wakakaza nati za tairi, wakajaza upepo, wakabandika namba mlangoni kwa gundi ya karatasi. Jasho lilikuwa linamtiririka Nakijwa mgongoni, na kila lilipopita kisogoni alihisi kule kunawasha, pale ulipokuwa umelala utando.

Utando ulikuwa mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Madereva wa zamani walivaa tando hizo miaka na miaka, zikajifunza mikono yao, miguu yao, jinsi walivyovuta pumzi kabla ya kona. Dereva akifa, utando unabanduliwa, unauzwa, na anayeuvaa anaamka na mikono isiyo yake. Chuo hakikuuliza umeupata wapi. Kilitaka uje nao ukiwa umeshalala, yaani umeshaota mizizi, na ukiwa umeshaonyeshwa watu.

Kuonyeshwa watu ulikuwa utaratibu wa madereva wote wa barabara ile. Unamkalisha ndugu yako kiti cha kushoto, unazunguka naye uwanjani, anapiga soga, anakula mahindi, mpaka utando umzoee na usije ukamgonga kwa bahati mbaya. Mjomba alishaonyeshwa. Mama yake Nakijwa alikataa katakata.

"Mimi nikae na maiti kiti kimoja?" alisema. "Nimeshazika mmoja. Inatosha."

*

Adhuhuri walishuka uwanja wa mpira wa zamani kujaribu. Mjomba alipanga mapipa matupu, akafunga moja kwa kamba ndefu nyuma ya pikipiki ya jirani ili likokotwe. Siku ya kwanza chuoni, mwanafunzi hutakiwa kugusa: kulipata gari linalokimbia, kuligonga kwa kona ya bampa nyuma kidogo ya tairi, likageuka lenyewe. Wengi huanguka hapo.

Nakijwa hakuhitaji kufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, mguu ukapunguza mafuta kabla hajajua kwa nini, gari likaserereka kwa ubavu kama mtu anayepenya mlangoni. Bampa likagusa pipa. Pipa likaruka, likabingirika, likatulia.

Mjomba aliyekuwa kiti cha kushoto akapiga paja lake. "Umeona? Umeona mambo hayo?"

Gari halikusimama. Mkono wa kushoto wa Nakijwa ulishuka kwenye gia, ukaingiza rivasi, na macho yake yakapanda kwenye kioo kulitafuta pipa. Akarudi nyuma. Pipa likapasuka chini ya tairi kwa kelele mbaya. Mkono ukaingiza gia ya kwanza, gari likasogea mbele, likatulia kidogo kama linasikiliza, kisha likarudi tena taratibu na kulilaza pipa mpaka likawa bati.

Ndipo mikono ikamwachia. Mwenye pikipiki alikuwa amekata kamba na kukimbilia mtaroni.

Nakijwa alizima injini. Aliyajua mambo yale. Aliyaona kwenye picha za kamera ya lori, alizotazama peke yake, mara nyingi kuliko inavyofaa: gari jeusi linagusa lori, lori linalala, Kiondo anatoka dirishani akitambaa kwa viwiko. Gari jeusi linarudi nyuma. Linasogea mbele. Linatulia kidogo. Linarudi tena.

"Mjomba. Utando huu ni wa nani?"

"Wa dereva."

"Dereva gani?"

"Dereva mzuri. Ulitaka wa mbaya?"

"Huu ni wa Sululu."

Mjomba Mbonea alitazama nje, akajifuta viganja kwenye suruali. Sululu alikuwa mkuu wa majambazi wa barabara ile mpaka polisi walipomtoboa kwa risasi kule Mkomazi. Watu wa Same walichinja mbuzi siku hiyo.

"Ulijua," Nakijwa akasema.

"Nilijua."

"Umenivisha aliyemuua Kiondo."

"Nimekuvisha mikono iliyokuwa haishikiki barabara nzima. Wenye tando nzuri wamekufa na wamezikwa nazo. Zilizobaki sokoni ni za madereva wa maharusi. Uende na utando wa maharusi ukakutane na vijana wa Sululu, nikuokote kwa koleo?"

"Utando huu unataka kuua, mjomba. Haujui kuacha."

"Hata mbwa wako anataka kuuma. Unamshika." Akashusha sauti. "Na ukishindwa kumshika, sheria inajua. Utando ukiua, ameua mwenye utando. Wanauchoma, wewe unakwenda nyumbani. Sululu ameshaua watu wangapi? Ukimwongezea mmoja hata hatahisi."

Nakijwa akaweka vidole kisogoni. Kingo za utando zilikuwa zimeshika. Kuubandua kulimaanisha kurudi nyumbani, kukaa mwaka mzima akisikia honi za malori na kuhesabu nani kalazwa mtaroni. Kubaki nao kulimaanisha kumbeba yule mtu, kula naye, kulala naye, na siku moja kumpa mtu aliyelala chini.

"Nitaushika," alisema mwishowe. "Lakini ukinidanganya tena, mjomba, kiti hicho hukalii."

"Sawa, mama," mjomba akajibu, na hakuwa anatania.

*

Waliondoka mchana ule ule kwa barabara ya vumbi inayopita chini ya milima. Nakijwa alivaa shati la mikono mirefu, viatu vya soli nyembamba ili mguu uisikie pedali, na helmeti kubwa iliyonuka kichwa cha mtu mwingine. Mjomba alikuwa na ya kwake, akilalamika kwamba inambana masikio. Walipita Kisiwani. Mbele ilikuwa katani tupu, pande zote mbili.

Pikapu ilitokea kwenye katani, upande wa mjomba. Puani ilikuwa imechomelewa kipande cha reli. Majambazi walijua Ijumaa ile ni ya watu kwenda chuoni, na gari lisilo na akili lilikuwa mali kwao kuliko shehena yoyote. Reli iliingia kwenye mlango wa kushoto, kioo kikamwagikia mapajani mwa mjomba, na gari likasukumwa mpaka ukingoni mwa mtaro.

"Nakijwa," mjomba alisema kwa sauti ndogo. Mkono wake ulikuwa umeinama mahali ambapo mkono hauna kiungo.

Sululu alikuwa ameamka. Mguu ulikanyaga breki mpaka mwisho, pikapu ikateleza ikapita mbele, na mtu aliyekaa kiti cha abiria akafyatua bunduki juu ya paa bila kulenga. Gia ya pili. Gia ya tatu. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, lakini mikono iliona ndani ya vumbi. Kwenye kona, bampa likagusa nyuma kidogo ya tairi, kwa upole, kama mtu anayemgusa mwenzake bega ampishe.

Pikapu iligeuka ubavu, ikakamata ukingo, ikaruka. Ilipiga chini kwa paa. Dereva alitoka kwa kioo cha mbele, nusu yake. Nusu nyingine ikabaki na usukani, na miguu ikaendelea kupiga teke kwa muda kana kwamba bado inatafuta breki. Yule wa bunduki alirushwa barabarani. Alijaribu kusimama na mfupa wa paja ukatoka nje ya suruali, mweupe, akaanguka na kupiga ukelele kama wa mbuzi.

Nakijwa alikuwa ameshampita. Mkono wa kushoto ukaingiza rivasi. Macho yakapanda kwenye kioo. Alimwona mtu yule akitambaa kwa viwiko.

Akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Ukamshinda. Gari likaanza kurudi. Akaingiza kucha kisogoni, chini ya helmeti, akashika ukingo wa utando na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Ngozi ilitoka nao. Maumivu yalimpiga mpaka kwenye meno, damu ya moto ikamshukia mgongoni, na miguu yake ikawa yake tena, mizito, mijinga. Gari likatikisika likazima.

Utando ulikuwa kwenye kiganja chake, umelowa, ukijikunja.

"Umeweza," mjomba alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Umemshika, mama. Umemshika."

Wakashuka. Bunduki ilikuwa imeruka mbali ndani ya katani. Mjomba alivua mkanda wa suruali kwa mkono mmoja uliobaki ili amfunge yule mtu paja, damu isimalizike. Jambazi huyo alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, amevaa buti za mpira za njano. Uso wote ulikuwa damu na vumbi.

"Mkuu," yule mtu alisema. "Mkuu, ni mimi. Bati."

"Anaongea na nani huyu?" mjomba akauliza.

"Nimeijua ile kona. Hakuna mwingine anayegusa vile." Akamtafuta Nakijwa kwa jicho moja lililofunguka. "Dada, Mkuu yumo ndani yako? Tuliambiwa amekufa, mimi nikasema hafi, ameacha utando. Mwambie ni Bati. Mwambie asinirudie."

Nakijwa akachuchumaa mbele yake. "Atajuaje kama ni wewe?"

"Mwambie Hedaru."

"Hedaru kulikuwa na nini?"

"Yule kijana wa lori la dawa. Mkuu alitaka kuondoka zake, alikuwa hajaanza mambo ya kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia, Mkuu, huyu ameziona sura zetu, rudi. Akarudi. Nikamwambia bado anapumua, rudi tena." Alijaribu kutabasamu, midomo ikapasuka. "Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Mwambie hivyo. Atacheka. Atanikumbuka."

Mjomba aliacha kufunga mkanda. Hakumtazama Nakijwa, kwa kuwa aliogopa atakachokiona.

Nakijwa aliinuka. Alitembea mpaka kwenye gari bila haraka, akaweka utando juu ya kiti cha kushoto, katikati ya vioo, akakaa nyuma ya usukani, akafunga mkanda. Mjomba alidhani anakwenda kukaa kivulini.

Injini iliwaka. Nakijwa akakanyaga klachi kwa mguu usiojua klachi ni nini, akasukuma gia pale alipoona mkono ukiisukuma wakati ule. Gia zikasaga kwa kelele za kukera. Gari likaruka kidogo, likazima. Akaliwasha tena.

Bati aligeuza shingo. Alisikiliza zile gia.

"Huyo si Mkuu," alisema.

Gari lilirudi likiyumba, mara huku mara kule, taa ya nyuma ikapasuka kwenye jiwe. Mara ya kwanza lilipita juu ya miguu peke yake, kwa sababu dereva hakujua kunyoosha usukani akienda nyuma. Bati alilia jina la mtu, huenda la mama yake. Gari likasogea mbele, likazima, likawashwa. Mjomba alikuwa anapiga boneti kwa kiganja, anaita, "Nakijwa, Nakijwa, mwanangu, basi," na Nakijwa alimwona mdomo ukifunguka, sauti hakuisikia. Akarudi tena. Safari hii aliuhisi mwinuko, tairi ikipanda na kushuka, na aliuhisi kwa nyama yake mwenyewe.

*

Geti la chuo lilikuwa bomba refu lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Mwalimu Ndimangwa alikuwa anayapokea magari yeye mwenyewe, mama mnene mwenye kovu lililoanzia sikioni likaingia kwenye kola. Alitikisa kila tairi kwa mikono miwili, akavuta mikanda, akapapasa chini ya viti kama kuna kitu kimesahaulika.

Njiani mjomba alikuwa ameuokota utando, akaufuta kwa mate na kumbandika Nakijwa pale pale kwenye kidonda, na ndio uliowafikisha. Mkono wake uliovunjika alikuwa ameufunga kwa shati. Alikuwa amesema jambo moja tu tangu Kisiwani, tena na tena: "Alikuwa Sululu. Ukiulizwa, alikuwa Sululu."

Mwalimu alifika nyuma ya gari, akasimama. Akainama. Alivuta kitu kutoka juu ya ekseli, akakitazama, akakitupa. Kilikuwa kipande cha mpira wa njano, na ndani yake mlikuwa na kitu kingine. Akaja mpaka dirishani.

"Zima gari. Mlivamiwa?"

"Tulivamiwa," Nakijwa akajibu.

"Wa mbele mmemgonga, hayo ni mapambano, sina neno. Huyu wa nyuma alikuwa amelala chini." Alisema bila ukali, kama daktari. "Haya huletwa kwangu kila mwaka. Utando tunauchoma pale kwenye pipa, polisi wanaandika jina la marehemu aliyekuwa nao, wewe unapewa wa chuo. Kesho saa kumi na mbili uko uwanjani. Madereva wangu wawili wazuri walianza hivyo hivyo. Niambie kitu kimoja tu. Ulikuwa umeuvaa?"

"Alikuwa ameuvaa," mjomba akasema.

"Sijakuuliza wewe, baba."

Nyuma ya bomba Nakijwa aliuona uwanja. Lami yake ilikuwa nyeusi, mpya, na kona ziliwekewa tairi kuukuu. Watu walikuwa wanasukuma magari yao kivulini, wanacheka, mmoja anajaribu helmeti ya mwenzake. Kisogoni utando ulikuwa umeanza kushika tena, joto lake likitafuta njia. Neno moja, na Bati angekwenda kuandikwa kwa Sululu. Watu wa Same wangesikia kwamba Sululu, akiwa maiti, ndiye aliyelipa damu ya Kiondo. Wangesema angalau alifanya jambo moja jema. Aliwaza hivyo, na hakukubali kumwachia Sululu hata hilo.

Akapeleka mkono nyuma, akaubandua utando mara ya pili, polepole, akampa mwalimu.

"Nilikuwa nimeuvua," alisema. "Nilirudi mwenyewe. Hata gia nilikuwa siijui."

Mjomba Mbonea alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Mwalimu Ndimangwa aliukunja ule utando kiganjani, gari la nyuma likapiga honi, hakugeuka.

"Funguo," alisema mwishowe.

Nakijwa akachomoa ufunguo, akampa, kisha akafungua mlango na kushuka, akasimama pembeni ya geti, upande wa nje.